Mkandarasi Anapogeuka Mshitiri

Mkandarasi wa Kitanzania anajua sana kukaa chini ya watu. Anajua kusubiri hati ya malipo isainiwe na mshauri aliyesafiri bila kuaga. Anajua kumbembeleza mhasibu wa halmashauri, na anajua kubomoa ukuta kwa sababu msimamizi ameamka vibaya. Lakini miaka yote hiyo haimfundishi kukaa juu. Siku anaposaini mkataba wa kusanifu na kujenga, anakuwa mshitiri wa wasanifu wake bila hata kujitambua, na mara nyingi anakuwa mshitiri mbaya kuliko wote aliowahi kuwalalamikia.

Nilikaa miaka mingi ofisini kwa mkandarasi wa namna hiyo. Mimi ni mkadiriaji majenzi, na pale Keko, Dar es Salaam, nilikuwa ndiye mtu wa BOQ (orodha ya kazi na vipimo vyake), mtu wa madai na mtu wa mikataba, maana ofisi ndogo haina nafasi ya kila kazi kuwa na mwenyewe. Mkurugenzi tulimwita Mzee, ingawa hamsini alikuwa hajaifikia. Alianzia chini kama fundi sanifu, akapanda kwa jasho lake. Saiti aliona ringi iliyofungwa vibaya akiwa bado getini. Mkataba alipopewa, alikuwa anatafuta kwanza ukurasa wenye bei, na akishaupata anaufunga. Ukutani nyuma ya kiti chake kulikuwa na maandishi kwenye fremu: Mali bila daftari hupotea bila habari. Sijui kama aliwahi kuyasoma baada ya kuyatundika.

Tulikulia kwenye utaratibu wa zamani. Mwenye jengo anamwajiri mbunifu majengo na mhandisi, mkadiriaji anaandaa BOQ, na mkandarasi anaitwa mwishoni aje aweke bei. Fomu ya mkataba ya Baraza la Taifa la Ujenzi ya mwaka 2000 inasimama juu ya mpangilio huo. Mchoro ukiwa na kosa, mkandarasi anaandika barua, anadai muda na fedha, na kosa linabaki la aliyechora. Kisha upepo ukageuka. Tuliona reli ya SGR ikijengwa na makandarasi waliobeba usanifu na ujenzi kwa pamoja, tukaona Bwawa la Julius Nyerere, ambalo mkataba wake ulisainiwa Desemba 2018, likienda kwa njia hiyohiyo. Kampuni za kiwango kile zina mawakili wanaosoma mikataba kabla ya kifungua kinywa. Lakini fikra ile ikashuka mpaka kwa wenye maghala, vituo vya mafuta na viwanda vidogo. Mteja mmoja alituambia waziwazi: "Mimi sitaki kuzungushwa kati ya mhandisi na mkandarasi. Nataka mtu mmoja wa kumshika shati."

Mzee alifurahi. Kazi za aina hiyo zina ushindani mdogo, na faida yake inapumua. Shati lenyewe ni la nani, hakuuliza.

Mkataba wa kwanza wa usanifu niliokutana nao kwenye mafaili yetu ulikuwa barua ya ukurasa mmoja. Ilimjulisha mhandisi kwamba amepewa kazi ya kutayarisha michoro ya kihandisi ya ghala la mteja wetu, Kibaha, kwa bei iliyokubaliwa, na kumtaka aanze mara moja. Saini, muhuri wa kampuni, basi. Bei iliyokubaliwa haikuandikwa popote. Ilikubaliwa kwenye simu. Kama ilikuwa na VAT ya asilimia 18 ndani yake au nje yake, kila upande ulikuwa na kumbukumbu yake. Kodi ya zuio ya asilimia 5 ilipokatwa kwenye malipo ya kwanza, mhandisi alidhani tumemwibia. Hayo ni madogo, nayataja kwa sababu uhusiano wa watu wa kazi huanza kuchacha kwenye mambo kama hayo, kabla hata zege haijachanganywa.

Kubwa lilikuwa ardhini. Sehemu za Kibaha zina udongo wa mfinyanzi unaovimba ukinywa maji na kusinyaa ukikauka. Jambo hilo si siri. Watafiti wameliandikia, na ukipita mitaani utaziona nyumba zenye nyufa za mshazari kutoka pembe za madirisha. Mkataba wetu na mwenye ghala ulisema kuuchunguza udongo ni jukumu la mkandarasi. Barua yetu kwa mhandisi haikusema neno juu ya udongo. Yeye, kwa uangalifu wake, aliandika pembeni mwa mchoro kwamba ameuchukulia udongo kuwa na uwezo fulani wa kubeba mzigo, na kwamba mkandarasi athibitishe saiti kabla ya kumwaga zege. Msimamizi wetu wa saiti alithibitisha kwa kisigino cha buti.

Na kulikuwa na jambo la pili. Mwenye ghala alikuwa ametupa kurasa za mahitaji yake, zikaunganishwa na mkataba kama kiambatisho. Ndani yake alitaja rafu ndefu za chuma na foklifti za kubeba magunia mpaka juu. Mhandisi alitumiwa mchoro wa mbunifu kwa WhatsApp, ukiwa na maneno "ghala la kuhifadhia mazao" na vipimo vya urefu na upana. Kiambatisho kilibaki kwenye faili la Mzee, ndani ya kabati yenye kufuli.

Mvua za masika za mwaka wa pili zilipopita, sakafu ilikuwa imeinuka pembezoni mwa kuta, imepasuka katikati, na rafu mbili zilikuwa zimeegemea upande kiasi kwamba madereva wa foklifti walikataa kuzisogelea. Tuliitana kikao palepale ghalani. Mimi nilikuwa naandika muhtasari.

"Mhandisi, si wewe uliyechora?" Mzee alianza.

"Nilichora nilichoambiwa, Mzee. Nionyeshe ni wapi niliambiwa kuna rafu."

Mwenye ghala hakuwa na haraka. Alifungua nakala yake ya mkataba, akalaza kidole juu ya kiambatisho. Mhandisi akavaa miwani, akasoma ukurasa mzima, akageuza wa pili akausoma nao, halafu akavua miwani. "Hizi karatasi naziona leo," alisema.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo hili lote, na nimekiona kikijirudia kwenye miradi ambayo haikuwa na udongo mbaya wala rafu. Mkandarasi wa kusanifu na kujenga hukaa kati ya ahadi mbili, moja anaitoa kwenda juu na nyingine anaipokea kutoka chini, na hazilingani. Kwenda juu anaahidi matokeo. Kitabu cha Njano cha mwaka 1999 cha FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, ambacho vifungu vyake vimenakiliwa katika mikataba mingi hata ya maghala, kinasema katika kifungu cha 4.1 kwamba kazi ikikamilika iwe inafaa kwa matumizi yaliyokusudiwa na mkataba. Haijalishi ulijitahidi kiasi gani, jengo lifae. Kutoka chini, mhandisi anaahidi kufanya kazi kwa ujuzi na uangalifu unaotarajiwa kwa mtaalamu wa fani yake. Kitabu Cheupe cha FIDIC, kinachotumika kwa huduma za ushauri, kinaongea lugha hiyo, na pale ambapo mkataba umenyamaza kama ile barua yetu, sheria inampa mhandisi kipimo hichohicho. Jengo linaweza kushindwa kufaa huku mhandisi akiwa hajafanya uzembe wowote. Likishindwa hivyo, mwenye jengo ana haki kwa mkandarasi, na mkandarasi hana haki kwa mtu.

Waingereza waligombana juu ya kisa kinachofanana na chetu kiasi cha kunishangaza nilipokisoma. Mkandarasi Greaves alichukua kazi ya kusanifu na kujenga ghala la mapipa ya mafuta, ambamo magari ya kuinulia mizigo yangepita sakafuni yakiwa yamebeba mapipa. Akawaajiri wahandisi Baynham Meikle wachore. Muda mfupi baada ya ghala kuanza kutumika, sakafu ikapasuka kwa mtetemo wa magari yale. Mwaka 1975 Mahakama ya Rufani, Lord Denning akiwa kwenye kiti, iliwabana wahandisi: walikuwa wameambiwa mapema magari hayo yatatumika, na kwa hiyo dhamira ya pande zote mbili ilikuwa sakafu iyahimili. Lakini Denning alikuwa mwangalifu kusema kwamba hiyo si kanuni ya jumla kwa kila mtaalamu; ilitokana na yale waliyoelezana. Hukumu za Uingereza zinasikilizwa kwenye mahakama zetu, kwa kuwa Tanganyika ilipokea sheria za kule kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, na zile za baadaye bado zina uzito wa ushawishi. Kwa hiyo nilipomsomea Mzee kisa hicho, alishangilia kabla sijamaliza. Ilibidi nimkumbushe tofauti: Greaves aliwaambia wahandisi wake kuhusu magari. Sisi tulifungia kabatini.

Kuna kisa cha karibuni zaidi ambacho ningependa kila mkandarasi akijue, hasa yule anayedhani kufuata viwango vya kimataifa kunatosha. Kwenye ghuba ya Solway, baina ya Uskochi na Uingereza, kuna shamba la mitambo ya upepo liitwalo Robin Rigg, lililojengwa kwa mitambo 60 iliyosimikwa baharini. Mkandarasi wa Kidenmark, MT Højgaard, alisaini mwaka 2006 kusanifu na kujenga misingi yake. Aliambiwa afuate kiwango cha J101 cha taasisi ya Det Norske Veritas ya Norway, akakifuata. Kumbe ndani ya kiwango chenyewe kulikuwa na kosa la hesabu, thamani moja ilikuwa imekosewa kwa takriban mara kumi, na viunganishi vya misingi vikaanza kuteleza. Marekebisho yaligharimu euro milioni 26.25. Mahali fulani katika lundo la karatasi za kiufundi kulikuwa na sentensi kwamba usanifu uhakikishe misingi inadumu miaka 20. Agosti 2017 Mahakama ya Juu ya Uingereza ikasema sentensi hiyo inatosha: palipo na vipimo viwili, mkandarasi anafungwa na kile kilicho kikali zaidi. Alifuata kitabu, kitabu kilikosea, na bili ikawa yake.

Baada ya Kibaha, Mzee alikuja na dawa aliyoshauriwa na mwenzake kwenye mkutano wa makandarasi. Tunakili mkataba wa juu wote, neno kwa neno, tubadilishe majina, tumpe mhandisi asaini. Mwenye jengo akiahidiwa matokeo huku juu, naye mhandisi aahidi matokeo kule chini. Kwa nje inaonekana haki, na wanasheria wengi wanaipenda kwa sababu inawapunguzia kazi.

Tulimpelekea hivyo mhandisi mwingine kwa ajili ya kiwanda kidogo cha vifungashio. Alitujibu kwa adabu akiambatanisha barua ya dalali wake wa bima. Bima ya dhima ya kitaaluma humlinda mtaalamu anapofanya uzembe. Kwa kawaida hailipi kwa sababu mtaalamu ameahidi matokeo ambayo sheria yenyewe haikumdai. Kwa maneno mengine, ile ahadi nzito tuliyokuwa tunamlazimisha asaini ingeiondoa pochi pekee iliyokuwa na fedha. Ofisi yake ilikuwa na vijana watatu, kompyuta, printa kubwa ya michoro na gari moja aina ya RAV4. Ukishinda kesi dhidi ya ofisi kama hiyo pasipo bima, unashinda nini? Mzee alinyamaza, kisha akauliza kama RAV4 ile ni ya mwaka gani.

Tangu siku hiyo msimamo wangu umekuwa kwamba pengo kati ya ahadi mbili halizibwi kwa maneno makali upande wa chini. Linapunguzwa upande wa juu, na kinachobaki mkandarasi anakibeba akijua na kukiwekea bei. Kulipunguza upande wa juu maana yake ni kumwambia mwenye jengo: usiniandikie "sakafu ifae kwa shughuli za ghala." Niandikie namba. Ibebe tani 5 kwa kila mita ya mraba. Ikubali foklifti ya uzito huu kwa kila ekseli. Ufa usizidi upana huu. Sakafu isipishane usawa kwa zaidi ya milimita hizi kuanzia rafu hii hadi ile. Wenye mali huwa hawachukii kuulizwa hivyo. Wengi wanafurahi, maana ni mara ya kwanza mjenzi kuwauliza wanafanya biashara gani. Namba hizo ndizo zinazoshuka kwa mhandisi, na yeye anaweza kuahidi kusanifu kwa uangalifu kufikia namba zilizoandikwa bila bima yake kulalamika. Sasa akikosea hesabu, amefanya uzembe, na bima inaitwa.

Kiambatisho cha mahitaji ya mwenye jengo kikawa kinaunganishwa kizimakizima na kila mkataba wa msanifu. Mzee aliogopa wasanifu wataona bei yake, nikamwambia tufute bei kwa wino mweusi, mengine yabaki. Upimaji wa udongo ukapewa mstari wake, na mlipaji wake ametajwa, na nani anauagiza, na nani anaukubali kabla msingi haujachorwa. Mhandisi naye alitakiwa aandike ndani ya siku chache za mwanzo orodha ya taarifa anazozikosa. Watu hawaamini jinsi orodha hiyo ilivyo na nguvu. Mhandisi aliyewahi kuandika "sijapewa uzito wa mashine" haandiki baadaye pembeni mwa mchoro kwamba ameuchukulia.

Na bima yenyewe ina tabia ambayo nimeiona ikiwashangaza hata wahandisi. Kwa kawaida inayolipa ni ile iliyo hai mwaka madai yanapoletwa, si ile iliyokuwepo mwaka mchoro ulipochorwa. Sheria yetu ya Ukomo wa Muda inatoa miaka 6 kwa madai ya mkataba. Kwa hiyo cheti cha bima kinachoambatanishwa siku ya kusaini, ambacho watu hukipiga picha na kukisahau, hakina maana kubwa kama mkataba haumtaki msanifu aendelee kuihuisha baada ya jengo kukabidhiwa.

Muda ni hadithi nyingine, na yenyewe huua polepole. Mkataba wa juu una tarehe ya kukabidhi na fidia ya kila siku ya ucheleweshaji. Barua ya ukurasa mmoja ilisema "mara moja." Nimeona kikosi cha wafunga nondo kimekaa chini ya mwembe kikicheza bao kwa sababu michoro ya nguzo za ghorofa ya kwanza haijatoka, na mhandisi akisema, kwa haki kabisa, kwamba anamsubiri mbunifu, na mbunifu anasema anasubiri mwenye jengo achague ngazi ikae wapi. Hakuna mwongo kati yao. Tulichokuja kukifanya ni kuambatanisha ratiba ya kutoa michoro iliyofuata mpangilio wa saiti: msingi kwanza, halafu nguzo na bimu za chini, madirisha baadaye. Wasanifu hupenda kumaliza seti nzima ndipo watoe. Mkandarasi anataka vipande. Tofauti hiyo ya tabia ikiachwa bila kuandikwa, inakuja kulipiwa kwa siku za vibarua.

Makandarasi hawatanipenda kwa hili, lakini kifungu cha "utalipwa tukilipwa" nakichukia. Mhandisi anamaliza michoro mwezi wa pili, mteja anagombana nasi juu ya vigae mwezi wa kumi, na mhandisi asubiri vigae? Mzee alikitetea kwa miaka. Nilimkumbusha namna alivyokuwa akizilaani halmashauri zilizomlipa kwa mtindo huo. Tulikuja kukubaliana malipo kwa hatua za michoro, na sehemu ndogo ikabakizwa mpaka michoro ya jengo lilivyojengwa ikabidhiwe, kwa sababu bila kubakiza kitu michoro hiyo haiji kamwe. Kila mkandarasi anaijua hii.

Kuna wakati msanifu hachaguliwi na mkandarasi. Mwenye jengo anakuja naye mkononi, ameshachora nusu, na anamkabidhi: kuanzia leo huyu ni wako, mlipe wewe. Mkataba wake wa awali unahamishiwa kwa mkandarasi. Inaonekana kama zawadi. Mwaka 2001 mahakama moja ya Edinburgh iliamua shauri la wahandisi Blyth & Blyth na mkandarasi Carillion kuhusu jengo la burudani, ambapo taarifa za wahandisi kuhusu nondo, zilizotolewa wakati bado wanamtumikia mwenye jengo, zilidaiwa kuwa pungufu. Mkandarasi aliyerithi mkataba akataka kulipwa hasara yake. Jaji akasema hapana: wakati ule wajibu wao ulikuwa kwa mwenye jengo, na yeye mwenye jengo hakupata hasara hiyo. Kwa hiyo ukikabidhiwa msanifu, mwambie aandike upya, kwa jina lako, kwamba kazi aliyoifanya kabla alifanya kwa uangalifu na kwamba unaweza kuitegemea. Sisi tuliwahi kurithi mbunifu ambaye kila usiku alimpigia mwenye jengo kumsimulia tulichojadili mchana. Hilo nalo linahitaji kifungu.

Michoro ni mali ya nani? Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inazilinda kazi za usanifu majengo, na kulipia mchoro hakumaanishi kuununua. Mkandarasi akiachana na mbunifu katikati ya kazi, anaweza kukuta ana jengo la nusu na mafaili ya kompyuta asiyo na ruhusa ya kuyatumia. Kifungu cha mistari mitatu kinatosha. Nimeona mradi ukisimama kwa kukosa mistari hiyo mitatu, na sitaki kuueleza zaidi kwa sababu wahusika bado wanafanya kazi mjini.

Halafu kuna muhuri. Sheria inataka wabunifu na wahandisi waliosajiliwa, na bodi zao zinakagua. Lakini mjini kuna michoro inayochorwa na kijana wa pembeni na kupigwa muhuri na mtu ambaye hajaiona saiti wala kuifungua michoro yenyewe. Mkandarasi anaokoa fedha. Ijumaa Kuu ya tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lilipoporomoka Mtaa wa Indira Gandhi na kuua watu 36, ofisi zote za ujenzi Dar es Salaam zilikaa kimya wiki nzima, na kila mtu alikuwa anafungua mafaili yake usiku. Nani alichora, nani aliidhinisha, nani alikuwa anasimamia. Mkataba wa usanifu wenye maana unamtaja mtu, si kampuni peke yake, na unamtaka huyo mtu afike saiti kwenye hatua zilizotajwa.

Ninachokiona kuwa kigumu kuliko vyote hakimo kwenye vitabu vya FIDIC kwa namna ninayoitaka. Katika utaratibu wa zamani mhandisi alilipwa na mwenye jengo, na akikataa kazi mbovu alikuwa upande wa mlipaji wake. Katika kusanifu na kujenga, mhandisi analipwa na yule anayetaka nondo zipungue. Nimewahi kumsikia mkandarasi akisema kwenye simu, "Mhandisi, hizi za milimita 16 haziwezi kuwa 12?" kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi. Wakati mwingine zinaweza, na ni haki kuuliza. Wahandisi wetu wengi huongeza kwa woga. Lakini swali hilo likiulizwa na mtu anayeshikilia hundi yako, si swali tena.

Kwa hiyo mkataba unaofaa lazima umlinde mhandisi dhidi ya aliyeuandika. Hili nililijifunza kwa binti mmoja, mhandisi mshauri aliyekuwa ameanzisha ofisi yake karibuni, tulipomwita kwa ajili ya hosteli ya wanafunzi Bagamoyo. Aliingia, akamwamkia Mzee, akakaa, akatoa rasimu yetu ikiwa imejaa kalamu nyekundu. Alitaka mabadiliko yoyote ya kupunguza ukubwa wa kitu yaombwe kwa maandishi na kujibiwa kwa maandishi. Mzee alikubali. Kisha akataka haki ya kusimamisha umwagaji wa zege.

"Binti, yaani nikulipe ili unizuie kumwaga zege?"

"Ndiyo, Mzee. Na siku nikikuzuia bila sababu, ukate gharama kwenye malipo yangu. Andikeni na hilo."

Mzee alinitazama. Niliandika yote mawili.

Kifungu kilifanya kazi kwenye slabu ya ghorofa ya pili. Ringi za bimu karibu na nguzo zilikuwa zimeachana kupita mchoro, msimamizi wetu anataka kuendelea, na magari ya zege ya kiwandani yalikuwa yameshapita Bunju. Binti aliandika mistari miwili kwenye kitabu cha saiti, akasaini, akaondoka kwenda kunywa chai. Zege iliyokuwa njiani ilimwagwa kwenye njia ya kuingilia saiti, maana haisubiri, na ringi zikafungwa upya. Mzee alinipigia akiwa anafoka. Nilimsubiri amalize. Mwishoni akauliza, "Kifungu kinasemaje?" Nikamsomea. Akauliza kama ringi kweli zilikuwa zimeachana, nikamtumia picha.

"Basi ni yetu," alisema. "Lipa kiwanda."

Kazi iliyofuata ilikuwa kituo cha mafuta Chalinze. Mzee aliniambia nimpelekee yule binti mkataba uleule, kifungu kile kisiguswe, ila nijaribu kumshusha bei. Nilijaribu. Alikataa, tukasaini kwa bei yake.